Imigrasio waliingia nyumbani bila manda ya hakimu: ushahidi waliochukua unaweza kutupwa nje ya kesi?

Swali, toka kwa dada mmoja wa Kadutu, Bukavu:

"Jambo Metre. Mdogo wangu ako Phoenix, Arizona. Siku ile tulikuwa tunaongea WhatsApp video, kwetu ilikuwa saa nane ya mchana, kule saa kumi na moja ya asubuhi. Nikasikia banagonga mulango kwa nguvu, kisha masauti ya batu, kisha simu ikakatika. Kumbe ni imigrasio. Mwenye banakaa naye anasema alifungua mulango kidogo tu aone ni nani, bakausukuma bakaingia, hawakuonyesha karatasi yenye saini ya hakimu. Bakamuuliza mdogo wangu anatoka wapi, akasema Bukavu, bakapekua chumba bakabeba karte yake ya kupigia kura ya Congo. Sasa ako kifungoni Eloy. Avoka anasema tusitume karatasi yoyote kwanza. Mukubwa wetu anasema huyo avoka anatuchezea, tutume mbio atestasio ya kuzaliwa na barua ya komine, na anasema kama bao njo balivunja sheria basi kesi imekufa. Nani ako na haki?"

Jibu:

Dada, pole sana, wewe na mama na wote wa nyumbani. Kusikia mlango wa ndugu yako unagongwa vile ndani ya simu na hauna kitu cha kufanya, hayo ni mateso. Nikujibu kwanza kwa kifupi ju najua saa hii mnagombana: avoka ana haki, msitume kitu. Mkubwa wenu naye hakukosea kabisa, ile anasema ju ya kuvunja sheria iko na ukweli ndani, lakini ni ukweli wenye masharti mengi, na moja ya yale masharti inagusa hizi karatasi anataka kutuma. Akizituma, yeye mwenyewe anaweza kuua ile njia anaitegemea.

Watu wengi wa kwetu wanafikiri kufukuzwa Marekani ni kesi ya jinai, ju mtu anafungwa pingu, anavaa nguo za wafungwa, analala nyuma ya seng'enge. Kwa sheria yao si jinai, ni kesi ya kiraia. Hiyo tofauti inabeba mambo makubwa. Ya kwanza unaijua tayari mfukoni: serikali haimlipii mtu avoka, anayo haki ya kuwa naye lakini feza ni yake ao ya familia, ao apate mwenye anasaidia bure. Ya pili njo swali lako. Kwenye jinai, kitu polisi amepata kwa kuvunja Katiba hakimu anakitupa nje, hakisomwi. Kwenye kesi ya kufukuzwa, hapana, si moja kwa moja. Mahakama Kuu ya Marekani ilikata hivyo mwaka 1984 katika kesi yenye inaitwa INS v. Lopez-Mendoza, kura 5 kwa 4, na walikuwa watu wawili ndani yake: mmoja alikamatwa kwenye garaji ya magari San Mateo, California, mwingine kwenye kiwanda cha viazi kule Pasco, jimbo la Washington. Wa kwanza alilalamika tu kwamba alikamatwa vibaya. Wakamjibu kwamba kukamatwa vibaya hakuondoi mwili wa mtu mbele ya hakimu, uko hapa, kesi inaendelea. Wa pili njo alilalamika ju ya maneno yenye yalitoka kinywani mwake baada ya kukamatwa, akaomba yasitumike, naye akashindwa, wakasema ile kanuni ya jinai haiingii huku.

Kwa hiyo "walivunja sheria basi kesi imekufa", hapana. Mwambie mkubwa wenu taratibu, na umwambie kwa heshima, ju hata wasomi wanaanguka hapo.

Lakini Jaji O'Connor, mwenye aliandika ule uamuzi, aliacha njia moja. Aliandika kwamba hawakuwa wanasema ju ya makosa yenye kupita kiasi, yale mazito ya kukanyaga Katiba na kuharibu haki ya msingi ya mtu mbele ya korti. Toka mwaka ule maavoka wa imigrasio wanapita hapo. Na mahakama za rufaa za kule, ju Marekani imegawanywa kwa mizunguko ya mahakama, kila mmoja na msimamo wake, nyingi zimekubali kwamba hiyo njia iko wazi kweli: Mzunguko wa Pili wenye kushika New York, wa Tatu, wa Nne, wa Nane, na wa Tisa. Arizona iko ndani ya Mzunguko wa Tisa, na kwa kesi kama ya mdogo wako hiyo ni bahati, ju wa Tisa njo umeenda mbali kuliko wengine. Kwao kosa ni la kupita kiasi kama ofisa alivunja Katiba kwa makusudi, ao alifanya kitu ambacho ofisa mwenye akili alipaswa kujua kwamba Katiba inakikataza. Mizunguko mingine inapima zaidi uzito wa tukio lenyewe: ilikuwa usiku, kulikuwa bunduki, kulikuwa vitisho, watoto waliamshwa.

Nakupa kesi mbili za huo Mzunguko wa Tisa zenye kukaribia yenu. Mwaka 1994 kulikuwa kesi ya Orhorhaghe. Mnijeria. Maofisa walimfuata nyumbani kwake ju jina lake lilisikika la Kinijeria, hakuna kitu kingine cha maana walikuwa nacho mkononi, wakaingia bila ruhusa ya kweli. Korti ikasema jina la mtu haliwezi kuwa sababu, na ushahidi ukatupwa. Nafikiria majina yetu ya Kivu kila nikisoma ile kesi. Ya pili ni ya mwaka 2008, Lopez-Rodriguez, ilitokea Fresno, California, na hiyo dada isome vizuri ju inafanana na yenu sana: maofisa walikuja bila manda, mwanamke akafungua mlango kidogo tu, wao wakausukuma wakaingia. Serikali ikajitetea eti hakuna mtu alisema hapana. Korti ikasema kutosema hapana si ruhusa, na ofisa yeyote alipaswa kujua kwamba nyumba ya mtu haiingiwi vile. Yale maneno waliyoyapata ndani yakatupwa.

Ju ya ile karatasi ya hakimu, wasomaji wengi wananiuliza. Maofisa wa imigrasio wako na manda zao, kama ile fomu I-200, inasainiwa na ofisa mwenzao wa imigrasio, si hakimu wa korti. Inamruhusu kumkamata mtu. Kuingia ndani ya nyumba ya mtu kunaomba manda ya hakimu ao ruhusa ya mwenye nyumba, na hata kanuni zao wenyewe, ile ya 287.8, inasema ofisa haingii ndani ya makazi kuuliza watu mambo ya makaratasi kama hana manda ao ruhusa. Ni karibu na kifungu cha 29 cha Katiba yetu ya Congo, chenye kusema makazi ya mtu hayavunjiwi heshima. Na tafadhali usichanganye na ile habari ya Los Angeles ya Septemba 2025, wakati Mahakama Kuu iliachia doria za barabarani ziendelee, ile ilikuwa ju ya kusimamisha watu njiani, mlango wa nyumba ni jambo lingine.

Sasa tuseme hakimu anakubali na anatupa ule ushahidi. Inasaidia nini? Hapa njo utaelewa avoka wenu ana maana gani.

Kwenye kesi hii serikali iko na kazi ya kwanza, lazima ionyeshe kwamba huyu mtu ni mgeni, si raia wa Marekani, na ionyeshe kwa ushahidi wa wazi. Ikifaulu hapo, mzigo unageuka, ni yeye sasa wa kuonyesha aliingia lini, wapi, na kwa namna gani, na hapo wengi wanapotelea. Kwa hiyo vita yote iko kwenye ile hatua ya kwanza. Serikali iko na nini mkononi? Iko na jibu lake "natoka Bukavu", iko na karte ya kupigia kura, na iko na fomu I-213, ile karatasi ofisa anaandika baada ya kumkamata mtu, jina, inchi, aliingia wapi. Ile I-213 kwa kawaida hakimu anaipokea kama ya kuaminika, mara nyingi ofisa hata haji kortini kuitetea. Lakini kama hivi vyote vimetoka ndani ya ule mlango uliosukumwa, vinaweza kuanguka pamoja, na kama serikali haina kitu kingine, hakimu anafunga kesi. Kufungwa kwa kesi hakumpi makaratasi, tuelewane. Anatoka vile aliingia, na kesho wakipata ushahidi mwingine wa halali wanaweza kuanza tena.

"Kama serikali haina kitu kingine." Hapo, dada. Kuna kitu kimoja haukuandika kwenye swali lako na njo kinaamua karibu yote: aliingia Marekani namna gani?

Kama alipita kwenye programu ya wakimbizi, labda alitoka Nyarugusu ao Nakivale ao kambi ya Burundi, serikali iko na dosye yake toka zamani, na picha, na alama za vidole, na hadithi ya maisha yake yote. Kama aliingia na viza, ombi la viza liko ndani ya kompyuta zao. Kama alipita ile njia ya Brazil, Darién, Mexico, akajitoa mpakani ao akashikwa pale, walimchukua vidole siku ile. Kama alishaweka ombi la hifadhi ao la ruhusa ya kazi, ni yeye mwenyewe aliandika "Congo" kwa mkono wake. Kwenye hizo hali zote kutupa kile kilichochukuliwa chumbani hakutoshi, ju serikali itaenda kufungua kabati yake na kutoa dosye yenye haikutoka kwenye ule mlango, na jina la mtu halitupwi, na jina njo linafungua dosye. Nasema wazi ju naona maavoka wabaya wanakula feza za watu wetu wakiwaahidia hii njia wakati mtu aliingia kama mkimbizi tangu siku ya kwanza. Kwa wengi wetu wa Kivu kule Marekani, njia hii haiko.

Lakini kama mdogo wako aliingia bila mtu kumuona na hajawahi kuandika karatasi yoyote kwao, basi avoka wenu ameona kitu, na ameona mapema, na nampongeza.

Turudi kwa atestasio. Fikiria mkubwa wenu anaenda eta-sivil, anapewa atestasio yenye mhuri, jina la baba, jina la mama, "amezaliwa Kadutu". Anaipiga picha, anaituma kwa ofisa wa Eloy ao moja kwa moja kortini, na barua ya komine yenye kusema ni kijana wa mwenendo mzuri. Nia yake ni safi. Kitu serikali ilikuwa inakosa, ushahidi wa kwamba ni mgeni wenye haukutoka kwenye ule mlango, familia njo imewapelekea, na hakuna korti itautupa ju hakuna ofisa aliyevunja chochote kuupata. Vilevile barua kwa ubalozi wetu wa Washington kuomba msaada: ubalozi ukithibitisha kwamba ni Mucongomani, basi imethibitishwa. Vilevile Facebook, mtu anaandika "mdogo wetu Mucongomani wa Bukavu amekamatwa, tumuombee", maombi ni mazuri, mufanye nyumbani na kanisani bila kuandika. Na simu za kutoka kifungoni zinaweza kurekodiwa, kwa hiyo akiwapigia muongee afya, chakula, mama anakusalimia, mambo ya alizaliwa wapi na alipita wapi muyaache kwa avoka.

Ile karte yenyewe nayo uielewe. Kwetu karte ya kupigia kura njo kitambulisho, tunaitembeza kila fasi, na ofisa wa kule anajua kwamba haipewi mtu asiye Mucongomani. Njo maana imebebwa. Avoka atapigana itoke, na haina maana kupigana itoke huku nyumbani mnatuma karatasi nyingine yenye kusema kitu kilekile.

Ngoja sasa nikuambie kuhusu wewe, ju sijui kama umeona: wewe ni shahidi.

Baraza la rufaa za imigrasio lilisema mwaka 1988, kesi ya Barcenas, kwamba mtu mwenye analalamika ju ya ushahidi njo anaanza kuleta uthibitisho, na akileta wa kutosha njo serikali inalazimika kueleza ilipata vitu vyake namna gani. Maandishi ya avoka peke yake hayatoshi. Lazima mtu mwenyewe aandike chini ya kiapo, na awe tayari kuulizwa kortini. Na yale maandishi yakiwa ya jumla jumla, "waliingia kwa nguvu, niliogopa", yanaanguka. Hakimu anataka vitu vidogo. Waligonga na mkono ao na kitu? Walisema "polisi" ao walisema imigrasio? Walikuwa wangapi, bunduki zilikuwa wapi, mkononi ao kiunoni? Mlango ulifunguliwa kiasi gani, kulikuwa mnyororo wa usalama, nani aliweka mguu? Waliongea lugha gani, na yeye alielewa nini? Mtu alisema "ingia", ao alirudi nyuma tu kwa uoga? Walimwambia ako huru kutojibu? Walipekua kabati kabla ya kumuuliza ao baada? Hizi njo zinashinda kesi.

Wewe ulisikia sehemu ya hayo. Leo hii, kabla kichwa hakijachanganya, andika kwenye daftari kile ulisikia wewe mwenyewe, si kile ulielezwa kesho yake, na saa yake, na acha ile historia ya kupiga simu ndani ya WhatsApp kama ilivyo, usifute, usibadilishe simu kama unaweza. Kama alikutumia odio baada ya pale, iache vile, usiisambaze kwenye grupu ya familia. Kisha mwambie avoka tu kwamba unavyo. Usimtumie hakimu, usimtumie ofisa. Ju tazama tena ule mtego: maandishi ya kiapo yenye kuanza "mimi dada yake, mkaaji wa Bukavu" yanasaidia ju ya mlango na yanaumiza ju ya uraia. Kuwa na dada Bukavu si lazima uwe umezaliwa Bukavu, ni kweli, lakini mwanasheria wa serikali atalishika hilo neno na hataliachia. Avoka atapima kama anakuhitaji ao kama yule mwenye wanakaa naye anatosha.

Na huyo mwenye wanakaa naye njo shahidi mkubwa kuliko wote, ni mkono wake ulikuwa kwenye mlango. Ila kama naye hana makaratasi, akisimama kortini anajiweka hatarini. Musimsukume. Apate ushauri wake wa pembeni, na avoka mwingine, si yule wa mdogo wako. Kuna vitu haviogopi korti: kamera ya mlango kama jirani anayo, picha ya kufuli kama imevunjika. Kamera nyingi zinafuta picha zenyewe baada ya muda, hiyo mtu wa Phoenix aifuate sasa hivi.

Siku ya kwanza mbele ya hakimu watasoma karatasi ya mashtaka, ile wanaita NTA, inaandika: wewe si raia wa Marekani, wewe ni raia wa Congo, uliingia fasi fulani. Wanauliza, unakubali ao unakana? Mdogo wako akiwa na uoga na heshima yetu ya nyumbani, hakimu anauliza, mtoto mzuri anajibu, akisema tu "ndiyo mheshimiwa natoka Congo", imekwisha, jibu la mbele ya hakimu halikutoka kwenye mlango uliosukumwa. Avoka atakana kwa niaba yake na kuomba serikali ithibitishe. Si uongo. Ni kusema: mzigo ni wenu, ubebeni. Anaweza kukaa kimya, na hakimu anaweza kuufikiria vibaya ule ukimya, lakini Baraza lilisema mwaka 1990, kesi ya Guevara, kwamba ukimya peke yake hautoshi kuthibitisha kwamba mtu ni mgeni. Ila asidanganye kamwe. Asiseme yeye ni Mmarekani, hata kwa kuponyoka, ju kujidai uraia wa uongo kunamfungia milango ya baadaye, hata ile ya ndoa. Na musitengeneze karatasi ya bandia, hata moja.

Kuna njia nyingine pembeni, na inaweza kuokoa hata mtu mwenye dosye yake iko tayari. Mwaka 2018, Mzunguko wa Tisa, kesi ya Sanchez: mtu alikuwa kwenye mashua, injini ikazima baharini, akaomba msaada, walinzi wa pwani wakamvuta mpaka bandarini na kumshika, sababu ikiwa sura yake tu. Yeye alishawahi kuweka maombi ya imigrasio zamani, kwa hiyo kuondoa ushahidi hakukumsaidia, ile dosye ya zamani ilikuwa halali. Lakini korti ikasema maofisa wakivunja kanuni yao wenyewe, kanuni iliyowekwa kumlinda yule mtu, kwa kosa zito namna ile, kesi yenyewe inaweza kufungwa, hata kama serikali inaweza kuianza upya baadaye. Muulize avoka kama aliifikiria, ju ile kanuni ya 287.8 inagusa pia kuingia nyumbani na vitisho.

Na hifadhi? Hapa mkubwa wenu anaweza kupata haki yake. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, hakuna hakimu wa kule mwenye anaweza kusema Kivu iko na amani. Kama mdogo wako yuko na sababu yake mwenyewe ya kuogopa kurudishwa, si vita ya jumla tu, kitu kinachomlenga yeye, kabila, siasa, kazi aliyofanya, familia, basi kuna hifadhi yenyewe, kuna kuzuiliwa kurudishwa, na kuna ulinzi wa mkataba wa kupinga mateso. Hifadhi inaombwa ndani ya mwaka mmoja toka kuingia, isipokuwa kuwe na sababu kama hali kubadilika nyumbani, hizo mbili nyingine hazina huo mwaka. Huko, dada, karatasi zote zinahitajika, atestasio, barua, ushuhuda wa jirani, kila kitu na tafsiri ya Kiingereza yenye mtafsiri ameisaini. Karatasi ileile yenye inaua njia ya kwanza inalisha ya pili. Kuna kanuni yenye kusema ombi lililowekwa mbele ya hakimu si kukubali mashtaka, lakini maavoka wazuri hawaegemei hapo peke yake, wanaomba hakimu akate kwanza jambo la ushahidi, kisha wanafungua hifadhi kama inabaki ya lazima. Ila ule mwaka mmoja ukikaribia, mpango unabadilika. Kwa hiyo kama aliingia miezi kadhaa tu iliyopita, mwambie avoka leo.

Ni avoka wa kuchagua njia, si sisi huku. Mimi mwenyewe ningekuwa na macho yote mawili kwenye ile hofu ya kurudi, ju kushinda kwa ushahidi kunamtoa kifungoni bila kumpa makaratasi, hifadhi inampa fasi ya kukaa. Kama sababu yake ya kuogopa ni ya nguvu, ningemuuliza avoka wazi kwa nini haianzi hiyo. Kama ni ndogo, ningepigana kwenye mlango mpaka mwisho.

Ile wasiwasi ya "anatuchezea" siidharau, watu wetu wamelizwa. Muombe jina lake kamili na jimbo alikoandikishwa, kila jimbo liko na orodha ya maavoka yenye mtu anaangalia bure kwenye intaneti, na Wizara ya Sheria yao inatoa orodha ya wenye kusaidia bure ao kwa bei ya chini. Mtu wa Bukavu ao Goma mwenye anawaambia "mimi niko na mtu ndani ya imigrasio, nitumie dola", huyo mumfungie simu.

Maswali ya kumpelekea wiki hii, na mkubwa wenu awe pale kwenye simu asikie mwenyewe: serikali iko na dosye ya mdogo wetu ya zamani ao hapana, na ulishaiomba? Ile mashtaka umeikana kwa maandishi? Kama watamuhamisha Texas ao Louisiana, kesi itabaki chini ya Mzunguko wa Tisa ao itahama, ju inategemea kesi ilifunguliwa kwenye korti gani? Tukishindwa, tarehe ya mwisho ya rufaa ni ipi, ju siku zake ni chache na hazisamehewi? Kuomba dhamana kunaweza kutoa maneno yenye yatatuumiza? Dosye ya dhamana iko pembeni na ya kesi, lakini mwanasheria wa serikali anakaa mule ndani akisikiliza.

Mkubwa wenu naye apewe kazi, asikae bure na ile nguvu yake. Atafute zile karatasi, aziweke tayari, na kama zinasainiwa leo Bukavu aangalie ni nani anasaini na kwa mhuri gani, ju korti ya kule inaweza kuuliza nani alikuwa na mamlaka toka Februari 2025, ya zamani iliyotolewa kabla ikiwepo ni bora. Hata picha isitoke kwenye simu yake mpaka avoka aseme tuma.